TAHARIRI: Barua ya Utambulisho Uliyojiandikia Mwenyewe

Jumamosi iliyopita tulikuwa Geita mjini na makatibu wa vijana wa kata pamoja na waweka hazina wachache, watu kama thelathini kwenye ukumbi wa kukodi, feni moja inazunguka na nyingine imegoma. Ajenda ilikuwa fupi. Kila mmoja aingize barua pepe mpya ya jumuiya kwenye simu yake, ajaribu kutuma barua moja, achukue nauli aondoke. Seva ni yetu wenyewe, tumeichangia wenyewe, na kijana aliyeifunga ni mwenzetu. Kwa kweli tulikuwa na majivuno kidogo.

Simu zote zikatoa onyo lile lile: muunganisho huu si salama, cheti cha seva hii hakiaminiki. Kijana wetu, bila hata kugeuka kwenye kompyuta yake, akasema, "Hiyo isiwasumbue makamanda, bonyezeni Endelea." Watu wakabonyeza. Mimi mwenyewe ninayeandika hapa nilibonyeza.

Mama mmoja hakubonyeza. Ni mwalimu mstaafu, mweka hazina wa kata moja huko Nyang'hwale. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akasema, "Mwanangu, hii simu inaniambia haimjui huyu ninayetaka kumpa neno langu la siri. Wewe unasema nimpe tu. Haya, nimempa. Sasa kesho akija mwingine, simu ikaniambia maneno haya haya, mimi nitajuaje kama ni ninyi au siyo ninyi?"

Kijana alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Mama, seva ni yetu," akasema. Mama akamjibu, "Najua seva ni yenu. Nauliza simu itajuaje."

Swali hilo halikujibiwa pale ukumbini. Tahariri hii inajaribu kulijibu, na jibu lenyewe linatuhusu sisi viongozi zaidi kuliko wale tuliowaita kuwafundisha.

Tuanze na kwa nini tuna seva. Wengine mnakumbuka Septemba 2024, gazeti la The Guardian la Uingereza liliporipoti nyaraka za kesi iliyokuwa London, ya mpelelezi wa zamani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki Tigo. Kwa mujibu wa habari ile, taarifa za simu ya Tundu Lissu, pamoja na mahali alipo, zilikuwa zikipelekwa serikalini katika wiki za kabla ya kupigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Baada ya kusoma hilo nani alitaka tena kutuma orodha ya mawakala kwa ujumbe wa kawaida wa simu? Ndipo wazo likaja: tuwe na chombo chetu. Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri. Kosa liko kwenye mlango wa chombo chenyewe.

Seva ya barua pepe inapozungumza na simu yako, mambo mawili yanatakiwa yafanyike. La kwanza ni kuyafunga mazungumzo kwa fumbo, ili aliye katikati, iwe ni kampuni ya simu au mwenye waifai ya gesti, asisome. La pili ni kujua unazungumza na nani. Cheti cha usalama ndicho kinachobeba hilo la pili. Ndani yake mna jina la seva, mna ufunguo wake wa hadharani, na mna sahihi ya mtu anayesema: huyu ndiye. Simu yako imetoka kiwandani ikiwa na orodha ya watia sahihi inaowaamini. Ikiona sahihi ya mmoja wao inanyamaza. Isipoiona inapiga kelele.

Cheti tulichoweka sisi kimetiwa sahihi na seva yenyewe. Ukitaka kukielewa usiende mbali. Ukienda kufungua akaunti benki, au kumdhamini ndugu yako polisi, unaambiwa lete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Sasa wewe unakwenda steshenari, unachapa barua, "Mimi ninamtambulisha mimi," unaisaini, unaipeleka. Inawezekana kabisa kila neno ndani ya ile barua ni la kweli. Jina ni lako, mtaa ni wako. Tatizo ni kwamba tapeli naye anaweza kwenda steshenari ile ile, akachapa barua hiyo hiyo yenye jina lako, na karani hana namna ya kuzitofautisha.

Hapa niseme jambo moja kwa haki, maana vijana wa kompyuta huwa wanatuona wajinga tukiliruka. Fumbo la cheti cha kujisainia si dhaifu. Hesabu ni zile zile, ufunguo ni ule ule. Asiyefanya lolote zaidi ya kusikiliza hatasoma kitu. Lakini atakayejiweka katikati, akajifanya ndiye seva, atakupa cheti chake alichojisainia yeye, na mtafungiana fumbo zuri kabisa, wewe na mwizi wako. Mwaka 2019, kabla soko la dhahabu halijafunguliwa hapa Geita, watu walikuwa wanauza kule kwenye mialo kwa mizani ya mnunuzi. Mizani ilikuwa inapima vizuri sana. Swali lilikuwa inampimia nani.

Kijana wetu alikuwa na hoja mbili za kujitetea, na zote zina ukweli ndani yake, kwa hiyo tusizipuuze.

Ya kwanza: simu ikishakikubali cheti hiki mara moja inakikumbuka, na kikibadilika italia tena. Kweli, programu nyingi ziko hivyo. Lakini mara ile ya kwanza ulikikubali kwa ushahidi gani? Na tangu tuanze, seva imefungwa upya mara mbili, mara moja kwa sababu diski ilikufa na mara nyingine kwa sababu tulihama chumba. Kila mara cheti kilibadilika, simu zikalia, na sisi tukatuma ujumbe kwenye kundi: bonyezeni Endelea. Tumewafundisha watu wetu, kwa kurudia, kwamba king'ora kikilia dawa yake ni kukizima. Siku mwizi atakapokuja hatahitaji kuvunja kitu. Atawakuta wameshafundishwa, na waliowafundisha ni sisi. Tena kuna simu za Android za zamani ambazo kwenye mipangilio ya barua pepe zina chaguo la kukubali vyeti vyote. Nimezikagua simu nne baada ya kikao, mbili zimewekwa hivyo. Hizo hazitalia kamwe, hata aje nani.

Hoja ya pili ndiyo iliyowaridhisha wengi: "Mbona barua zinafika Gmail bila tatizo? Kama cheti kingekuwa kibaya Google si wangezikataa?" Jamani, hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Seva kwa seva, barua pepe ina desturi yake ya zamani. Seva moja inaiuliza nyingine, unaweza kufunga kwa fumbo? Ikijibiwa ndiyo, wanafunga, na kwa kawaida cheti chochote kinapita, hata cha kujisainia, hata kilichokwisha muda. Ikijibiwa hapana, barua inapita wazi. Walioutengeneza utaratibu huu waliona bora fumbo lisilo na utambulisho kuliko kukosa fumbo kabisa. Kwa hiyo barua kufika Gmail hakuthibitishi lolote kuhusu cheti chetu.

Na huo utaratibu wenyewe una shimo. Mwaka 2015 watafiti wa Google pamoja na vyuo vikuu vya Michigan na Illinois walitoa matokeo ya kupima barua zilizokuwa zikienda Gmail kutoka nchi mbalimbali. Walikuta njiani kuna vifaa vinavyofuta lile neno la "tufunge kwa fumbo," amri inayoitwa STARTTLS, ili pande zote mbili zidhani mwenzake hawezi. Tunisia ilikuwa zaidi ya asilimia 96 ya barua. Ukadhani ni mambo ya mbali? Kenya ilikuwa kama asilimia 24, Uganda kama 23. Si lazima iwe ni shushushu, maana kuna vifaa vya ulinzi vya ofisini ambavyo kwa mipangilio yake tu hufanya hivyo. Ila kwa barua yako matokeo ni yale yale, imepita barabarani bila bahasha.

Hilo la seva kwa seva hatuwezi kulimaliza peke yetu. La simu kwa seva tunaliweza, na ndilo lenye hatari kubwa zaidi kwetu, kwa sababu hapo ndipo neno la siri linapopita. Fikiria katibu wa kata yuko Katoro, bando limekwisha, anaingia kwenye waifai ya gesti. Mwenye ile waifai, au aliyemkodisha, anaielekeza simu kwenye mashine yake yenye jina la seva yetu. Onyo linatokea. Katibu anabonyeza Endelea kama tulivyomfundisha. Neno la siri limekwenda. Simu inaonyesha hitilafu ya mtandao, katibu analaani mtandao, anazima simu, analala. Asubuhi barua zote za mwaka mzima zimeshasomwa na mtu mwingine, naye hajui.

Ndani ya hilo sanduku kuna nini? Rufaa za wagombea walioenguliwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, zenye majina, namba za simu na mahali wanapoishi. Majina ya mawakala. Kuna taarifa za watu wa Nyarugusu na Rwamgasa waliotuandikia kuhusu maduara waliyoondolewa, na baadhi yao waliomba kabisa majina yao yasitoke. Mtu aliyetuamini na jina lake hakutuuliza cheti chetu kimetiwa sahihi na nani. Alidhani tumeshalifikiria.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo linalotuzuia, maana fedha si kizuizi, nitaonyesha baadaye. Ni kiburi, na ni kiburi chenye sababu. Baada ya kikao kamanda mmoja aliniambia nje, tukiwa tunasubiri bodaboda: "Sisi tukaombe muhuri kwa nani? Hao watia sahihi ni akina nani? Kesho wakiambiwa watufutie si watatufutia?" Namwelewa. Sisi ni watu ambao barua ya utambulisho yenyewe tunaiomba kwa mwenyekiti wa mtaa wa CCM, katika nchi ambayo chama hicho kilitangazwa kushinda karibu asilimia 99 ya viti vya mitaa na vijiji mwaka 2024. Ukishazungushwa wiki mbili kwa sababu ya fulana uliyovaa, neno "mamlaka" linakuchefua.

Tena ana ushahidi kuliko anavyojua. Mwaka 2011 kulikuwa na kampuni ya Uholanzi, DigiNotar, mmoja wa watia sahihi ambao kompyuta za dunia nzima zilikuwa zinawaamini. Ikavamiwa. Wavamizi wakajitengenezea vyeti vya majina ya watu wengine, kikiwemo cha Google, na cheti hicho kikatumika kuwaingilia watu wa Iran wanaotumia Gmail, anwani za mtandao zipatazo 300,000. Hicho hakikuwa cha kujisainia, kilikuwa na sahihi halali kabisa. Kampuni ikafilisika mwezi Septemba mwaka huo huo.

Lakini kamanda, hebu sikiliza iligundulikaje. Mwishoni mwa Agosti 2011 mtumiaji mmoja nchini Iran alifungua Gmail kwa kutumia Chrome. Google walikuwa wameiwekea Chrome kumbukumbu ya watia sahihi wa kweli wa Gmail, na huyu hakuwa miongoni mwao. Ikatoa onyo. Yule mtu hakubonyeza Endelea. Alisimama, akauliza hadharani kwenye mtandao: jamani, hii ni nini? Ndani ya siku chache DigiNotar ilikuwa inaondolewa kwenye kompyuta za dunia. Mtu mmoja aliyeheshimu onyo. Kwenye ukumbi wetu wa watu thelathini naye alikuwa mmoja, na tulimwona anachelewesha kikao.

Kukataa watia sahihi wa dunia si dhambi, ila kuna kazi yake, na hatukuifanya. Kama hutaki mtu wa tatu akutambulishe, basi jitambulishe mwenyewe ana kwa ana. Kila cheti kina alama yake, tuseme alama ya kidole, mfululizo wa herufi na tarakimu 64, ukizipanga mbili mbili ni jozi 32. Ungezichapa kwenye karatasi, ukampa kila katibu mkononi, akalinganisha jozi kwa jozi na kile simu inachomwonyesha kabla ya kukubali. Hapo cheti cha kujisainia kinakuwa na nguvu kuliko hata cha kununua, maana huna wa kumtegemea. Sisi tulichukua uhuru wa kutotegemea mtu, tukaiacha kazi.

Kuna njia ya mkato imependekezwa kwenye kundi tangu Jumamosi, nayo naomba tuizike mapema: tutengeneze mtia sahihi wetu wenyewe, tumwingize kwenye simu za wanachama wote, maonyo yaishe. Hapana. Mtia sahihi akishaingia kwenye simu ya mtu kwa mtindo huo, anaweza kutoa cheti cha jina lolote, benki yake, Gmail yake, chochote, na kompyuta nyingi au kivinjari kinaweza kuamini. Kazakhstan serikali ilijaribu hivyo hivyo Julai 2019, kampuni za simu zikawaambia watu wa mji mkuu waweke cheti cha taifa kwenye vifaa vyao, eti kwa usalama wao. Mwezi uliofuata Google, Mozilla na Apple wakakizuia. Serikali ikarudi tena Desemba 2020, wakazuia tena. Hatuwezi kuwapinga wenye kutaka ufunguo wa kila nyumba halafu sisi wenyewe tukaomba ufunguo wa kila nyumba ya mwanachama, tuuweke kwenye kompyuta iliyo chini ya meza.

Njia iliyopo ni rahisi mpaka inatia aibu. Tangu Desemba 2015 kuna Let's Encrypt, shirika lisilo la faida lililoko California, lililoanzishwa na watu wa Mozilla, EFF na chuo kikuu hicho hicho cha Michigan. Linatoa vyeti bure. Halikuulizi chama, halikuulizi kadi, halijui Geita iko wapi. Linataka kitu kimoja tu: uthibitishe kwamba jina la seva unalimiliki, na programu inafanya hilo yenyewe kwa dakika chache. Vyeti vyake vya kawaida ni vya siku 90, kwa hiyo programu iachiwe ivihuishe yenyewe. Tukitegemea kijana akumbuke kwa kichwa, siku ya 91 onyo litarudi na tutaanza tena wimbo wa Endelea.

Mambo mawili ya kuangalia. Kila cheti cha aina hii huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo yeyote duniani anaweza kulisoma, kwa hiyo seva isipewe jina la kueleza kazi yake ya ndani. Iitwe jina la kawaida. Na simu za zamani, Android 7.0 kurudi nyuma, hazimjui mtia sahihi huyu, zitaendelea kulia. Wenzetu wenye simu hizo, na vijijini ni wengi, wasome barua kwa kupitia Firefox, ambayo inakuja na orodha yake yenyewe.

Cheti pia hakitatulinda na kila kitu, tusidanganyane. Oktoba 2015 polisi waliingia Mbezi Beach, Dar es Salaam, kwenye kituo cha waangalizi wa uchaguzi kilichokuwa chini ya LHRC, wakakamata watu na kuondoka na kompyuta na simu. Mashine ikibebwa, cheti kinabebwa nayo. Barua za zamani zisizohitajika zifutwe, na diski ifungwe kwa fumbo. Hilo litahitaji tahariri yake.

Kijana wetu ameshakubali, na niseme wazi kwamba hana kosa kuliko sisi tuliompa kazi ya wiki mbili tukataka iishe kwa siku mbili. Cheti kipya kinawekwa Jumatano usiku. Kuanzia Alhamisi asubuhi simu isiyo ya zamani haipaswi kutoa onyo lolote kwenye seva yetu. Ikitoa, usibonyeze. Piga simu kwa katibu wako, kwa sauti, usitume barua pepe. Kila mtu abadilishe neno la siri baada ya Jumatano, si kabla, na kwenye mipangilio aondoe lile chaguo la kukubali vyeti vyote. Asiyejua pa kulikuta aje ofisini Nyankumbu na simu yake, tutalitafuta pamoja.

Mwalimu wa Nyang'hwale tumempigia. Amesema atabadilisha neno lake la siri, lakini kwanza anataka asomewe alama ya cheti kipya kwenye simu, jozi zote 32, na yeye ataziandika kwenye daftari lake. Kijana atamsomea.